Mzigo wa Mwenzio Kanda la Usufi



Mara kwa mara walimu huulizana swali moja: Mtu aijuaje kazi aliyoitiwa na Mungu, na akiisha kuijua, awaongozeje wenzake bila kujikweza? Wengi wamejibu vema kwa mafundisho. Sisi hatuna elimu ya kuongeza juu ya hayo, illa tuna kisa kimoja kilichotupata wenyewe, tena si kisa cha kutusifu. Twakileta kwenu kwa kuwa twaamini ya kwamba aibu ya mtu mmoja, ikisemwa kwa kweli, yaweza kumwepusha mwenziwe na kosa lile lile.

Kazi yetu ni ualimu wa shule ya msingi katika mji wa Dar es Salaam, upande wa Kariakoo. Umri wetu umepita miaka thelathini, nao haujafika arobaini. Tulifundishwa kazi hii huko bara, katika chuo cha misheni, ambako kila asubuhi tuliambiwa ya kuwa mwalimu ni taa, na taa haifichwi. Maneno hayo tuliyapenda mno, na labda tuliyapenda kwa sababu isiyo njema, maana tulitaka kuonekana. Tulipofika mjini tuliomba usiku na mchana Mungu atuonyeshe kazi kubwa. Tukapewa kuwaongoza vijana wa kanisa letu, tukajitahidi, tukasifiwa. Tukaanza kungoja ukuu wa shule kama mtu angojaye gari kituoni, akitazama njia tu wala asiwatazame watu waliosimama pamoja naye.

Basi mwaka 2024, katika darasa la saba, alikuwako mvulana mmoja ambaye jina lake hatutalitaja. Alikuwa hodari wa hesabu, lakini tangu mwezi wa pili alianza kuchelewa. Kengele ikilia yeye hayupo. Akija, shati lake limechafuka mabegani, na kabla ya saa nne kichwa chake kimelala juu ya dawati. Tulimwonya mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu ilikuwa siku ya Ijumaa, nasi tulikuwa tumeamka na hasira kwa sababu nyingine kabisa. Tukamsimamisha mbele ya wenzake, tukamwambia, "Wewe ni mzigo katika darasa hili."

Watoto walicheka. Yeye hakucheka, wala hakulia. Alitutazama kidogo, akarudi mahali pake akaketi. Jumatatu hakuja, wala Jumanne. Juma la pili tulichukua daftari la mahudhurio, tukaandika mbele ya jina lake neno moja, "Mtoro," kisha tukaendelea na somo la sehemu. Na Jumapili ile ile tulisimama mbele ya vijana wa kanisa, tukanena kwa muda wa saa nzima juu ya mchungaji mwema aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamtafuta mmoja. Vijana walisema tumenena vizuri sana.

Baada ya siku chache tulitumwa Kariakoo kununua vyakula vya karamu ya vijana. Wasomaji walio mbali na wafahamu ya kuwa Kariakoo si soko moja tu, ni mitaa mingi iliyogeuka kuwa soko. Lipo jengo kubwa lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu wetu Mtanzania, Beda Amuli, lenye mapaa ya zege yaliyofunguka juu kama miavuli. Jengo hilo liliungua mwezi Julai mwaka 2021. Walakini moto haukuweza kuizima biashara, maana mitaa ya Msimbazi, Kongo, Swahili na Mkunguni imejaa maduka, na mbele ya maduka zimo meza, na mbele ya meza vimetandazwa vitu chini, na katikati ya yote hayo wapita watu wenye mizigo wakipaza sauti watu wapishe. Mwenye kutembea pale bila kutazama nyuma hugongwa na mkokoteni.

Tulinunua mchele na maharage, tukaita mchukuzi. Akaja mbio kijana mdogo mwenye kata ya nguo kichwani. Alipotuona alisita. Kisha akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Hatukumbuki kama tuliitikia. Alijitwika mfuko, akatangulia, nasi tukamfuata nyuma mpaka kituo cha basi. Miaka yote tumezoea kwenda mbele ya watoto. Siku ile tulikwenda nyuma ya mtoto, tukayaona mabega yale machafu tuliyoyalaumu, tukajua uchafu wake umetoka wapi. Tulipofika aliutua mzigo taratibu, ili mfuko usipasuke. Tukampa shilingi 2,000, akazihesabu, akazikunja. Tulidhani ataondoka, lakini aliuliza, "Mwalimu, kwenye zile sehemu, mmefika wapi?"

Tukamwambia tumefika kugawanya. Akasema, "Ahaa. Ile ya kugeuza ya pili." Kisha akaitwa na mtu mwingine, akaenda zake.

Usiku ule hatukupata usingizi. Neno lililotusumbua lilikuwa jina la mahali tulipotoka. Twajua wote ya kuwa Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps. Katika vita ya mwaka 1914 hata 1918 Waingereza walikusanya watu kutoka pande nyingi za Afrika ya Mashariki wachukue vyakula na risasi za jeshi. Wengine walikwenda kwa ujira, wengine walishikwa kwa nguvu. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, kambi ya wachukuzi iliwekwa hapa, na jina likabaki hata leo. Kadhalika Nairobi uko mtaa uitwao Kariokor kwa sababu ile ile. Maelfu kwa maelfu ya watu hao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na kwa njaa kuliko kwa risasi. Tangu mwaka 1927 iko sanamu ya Askari katikati ya mji, mahali iliposimama sanamu ya Mjerumani Wissmann zamani. Maandishi yaliyo chini yake yawataja wachukuzi pia, lakini aliyesimamishwa juu ni askari mwenye bunduki. Mchukuzi hana sanamu pale. Ukumbusho wake ni jina la soko, nasi hulitaja kila siku tukienda kununua vitunguu, wala hatumkumbuki.

Tulipowafikiri wachukuzi hao tulimkumbuka Simoni Mkirene, mtu wa Afrika, aliyekuwa akitoka shamba. Askari walimshika wakamtwika msalaba ambao haukuwa wake. Hakuomba kazi kubwa, wala hakujua ya kuwa anafanya kazi kubwa. Alidhani amepatwa na msiba njiani. Na katika watu wote waliokuwako siku ile, yeye peke yake ndiye aliyempunguzia Bwana uzito. Petro, aliyeahidi mengi, hakuwapo.

Tena tulimkumbuka Askofu Frank Weston wa Zanzibar. Kabla ya kuwekwa askofu mwaka 1908 alikuwa mwalimu, mkuu wa chuo cha Kiungani, walikofundishwa walimu na mapadre Waafrika. Mwaka 1916 walipotakiwa wachukuzi kutoka Zanzibar, hakukaa kisiwani akiwaombea tu. Aliwakusanya mwenyewe, akapewa cheo cha meja, akavuka bara, akatembea pamoja nao kwa miguu. Hatusemi ya kuwa vita ile ilikuwa njema, wala hatuna haja ya kuamua kama ilimpasa kuwaongoza watu kwenda huko. Twasema hili moja, ya kuwa hakuwapeleka mahali asipokwenda mwenyewe. Naye aliyoyajifunza hakuyanyamazia. Mwaka 1920 alitoa kijitabu akailaumu serikali ya taifa lake kwa sababu ya kuwashurutisha Waafrika kufanya kazi. Mtu ambaye hajapata kutembea pamoja na wachukuzi ataandika juu yao neno moja tu katika daftari, kama sisi tulivyoandika.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwa mvulana. Ni chumba kimoja cha kupanga, uani, katika nyumba ya watu wengi. Mama yake alikuwa akipika vitumbua na kuviuza alfajiri, lakini mguu ulimvimba tangu mwanzo wa mwaka, asiweze kusimama jikoni. Watoto ni watatu, na huyu ndiye mkubwa. Kwa hiyo kila siku aliamka saa kumi za usiku, akaenda kupakua mizigo ya magari yaletayo vyakula kutoka bara, kisha akakimbilia shule. Alikuwa akitujia akiwa amekwisha kufanya kazi ya mtu mzima.

Watu wale ni Waislamu. Mama alipotuona tumevaa nguo za kanisani alifadhaika, akidhani labda tumekuja kumchukua mtoto, au kumgeuza dini. Tukamwambia, "Mama, tumekuja kuomba radhi." Akanyamaza. Tukamwita mvulana, tukamwambia mbele ya mama yake neno tulilomwambia darasani, maana yeye hakuwa amemweleza mama hata kidogo. Kisha tukamwomba atusamehe. Ndugu walimu, tumepata kusimama mbele ya wakaguzi na mbele ya makutano makubwa ya watu. Lakini hatujapata kuona ulimi ukiwa mzito kama siku ile, mbele ya mtoto wa miaka kumi na minne.

Alikuwako mzee mmoja, jirani, ameketi barazani akisikia yote. Akasema, "Mwalimu, wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Si kosa lako peke yako. Sisi nasi twamwona akipita hapa kila alfajiri, tukasema, kijana huyu mchapakazi. Hatukuuliza."

Tangu siku ile mambo yalikwenda polepole. Mkuu wetu wa shule alikubali mvulana arudi, na walimu wanne tukatoa kidogo kidogo kila mwezi. Mzee wa barazani aliwaendea watu wa msikiti wake, nao wakamsaidia mama kupata matibabu. Mwanamke mmoja auzaye chakula karibu na shule akasema mtoto asilipe uji. Hata hivyo mvulana hakuacha kuchukua mizigo kabisa. Aliiacha siku za shule, akaendelea Jumamosi, maana alisema hapendi kula vya watu bure. Tulipotaka kumkataza, mama yake alitushauri tusimkataze. Tukatii.

Hapo ndipo tulipofahamu maneno mawili ya Mtume Paulo yaliyotutatiza tangu chuoni. Katika sura moja ya waraka wake kwa Wagalatia aliwaagiza wasaidiane kuibeba mizigo yao. Na mistari michache mbele asema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Tuliona kama maneno hayo yapingana. Sasa twaona hayapingani. Kodi ya chumba na maradhi ya mama yalikuwa mzigo uliomzidi mtoto, nao ulitupasa sote. Lakini kugawanya sehemu kulikuwa mzigo wake, na mtu angemfanyia hesabu zile angemwibia. Kiongozi ni mtu ajifunzaye kuipambanua mizigo hiyo miwili. Akiichukua yote, huwafanya watu kuwa dhaifu. Asipochukua wowote, huwavunja.

Na kiongozi mwenyewe pia huchukuliwa. Kutoka Kariakoo si mbali na Mtaa wa Lumumba, zamani New Street, ilipokuwa ofisi ya TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Hayati Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kikatoliki huko Pugu. Mwaka 1955 ilimlazimu kuchagua kati ya kazi ya shule na kazi ya chama, akaacha shule, akawa hana mshahara. Waliompokea ni watu wa mji huu, na wengi wao walikuwa Waislamu, akiwamo Abdulwahid Sykes wa Kariakoo. Twapenda kumtaja Nyerere kama mtu aliyelichukua taifa. Na tukumbuke pia ya kuwa siku alipotua chaki palikuwa na mabega yaliyompokea. Hata jina tulilompa mpaka kufa kwake mwaka 1999, na baada ya kufa, ni lile la kazi aliyoiacha: Mwalimu.

Kisha mvulana alituletea jambo ambalo hatukulitafuta. Jioni moja alikuja na wenzake watatu wa sokoni, wakubwa kuliko yeye, wasiojua kusoma vema. Walitaka kujua kusoma hesabu za kwenye karatasi za mizigo, ili wasipunjwe. Tukaanza kuwafundisha mara mbili kwa juma, baada ya sala ya magharibi, katika baraza ya shule. Walifika hata kumi na mmoja, wengine Wakristo, wengine Waislamu. Ndugu mmoja wa kanisani alitulaumu, akasema, "Mnafundisha kusoma tu, na Injili je?" Tulijibu ya kuwa tukiulizwa kwa nini twafanya hivi hatutaficha jina la Bwana wetu, lakini hatutalifanya jina lake kuwa ada ya kuingilia darasani. Naye hakuridhika sana. Hata leo tukikutana hulizungumza tena, nasi twasikilizana kwa upendo.

Mwezi Septemba mvulana alifanya mtihani wa darasa la saba pamoja na wenzake. Halafu ikaja siku ambayo watu wa Dar es Salaam hawataisahau. Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa kazini. Zaidi ya watu 20 walikufa, na wengi waliokolewa. Kabla mitambo haijafika, watu wa pale pale walianza kuondoa vifusi kwa mikono. Wawili kati yao walikuwa wa darasa letu la barazani. Mmoja wao, asiyeweza bado kuandika jina lake bila kukosea, alikaa pale mpaka usiku, akipokea mawe na kupitisha, akipokea na kupitisha. Jumanne alikuja darasani vidole vimefungwa vitambaa, asiweze kushika kalamu. Tulitaka kumsifu mbele ya wenzake. Akasema, "Mwalimu, sisi kazi yetu ni kubeba."

Tulikaa kimya. Sisi tuliomba miaka mingi tuonyeshwe kazi kubwa, na huyu aliijua yake bila kuomba.

Wapenzi wasomaji, tusiwadanganye kwa kisa chenye mwisho mzuri kupita kiasi. Mvulana alifaulu, naye yuko sekondari. Lakini katika wale kumi na mmoja, watano wameacha, na mmoja wao tulimtafuta Kongo na Msimbazi kwa mwezi mzima tusimwone. Ukuu wa shule tuliokuwa tukiungojea alipewa mwingine, naye anastahili. Hasira yetu haijafa; yaamka mara kwa mara, nasi hutoka nje ya darasa kidogo mpaka ipoe. Lakini ile njaa ya kutafuta kazi tuliyoitiwa imetuacha. Twaona sasa ya kuwa hatukunyimwa kazi ile hata siku moja. Ilikuwa ikiingia mlangoni kila asubuhi, imechelewa, shati limechafuka mabegani.

Ndugu walimu, twawaombeni jambo moja dogo. Kesho mtakapofungua daftari la mahudhurio, mtazameni yule mliyemwandikia neno "Mtoro." Msilifute neno lile kwa huruma tu, wala msiliache. Ulizeni anakokaa, mwende. Huenda mkakuta ni mvivu kweli, basi mwambieni hivyo kwa upole. Na huenda mkakuta yuko mbele yenu njiani, amejitwika mzigo ambao wenyewe ni wetu sote.

Sisi ndugu yenu katika kazi,
Mwalimu wa Kariakoo, Dar es Salaam.